Mzee Aliyebisha Mlango Endarasha

Juzi binti yangu alinipeleka Nyeri mjini kutazama sinema ya kutisha iliyotengenezwa upya. Ni ile ya mzee wa kizungu anayefufuka na kuirudia nyumba yake. Ina rangi, damu, na sauti ya kutikisa viti. Mzee anatafuta dhahabu aliyoificha ukutani. "Mama, imefikia ile ya zamani?" aliniuliza tulipotoka. Haijaifikia, tena iko mbali sana. Ngoja nikueleze polepole, rafiki yangu, kama nilivyomweleza yeye.

Miaka michache baada ya uhuru, gari la sinema lilikuwa likija kijijini kwetu Endarasha msimu wa kuvuna pareto. Giza likiingia, shuka jeupe lilitundikwa kwenye ukuta wa duka, nasi tukakaa chini na blanketi zetu, harufu ya viazi vitamu vya kuchoma ikichanganyika na moshi wa jenereta. Picha zilisema Kiingereza, na mtu wa gari alitufasiria kwa kipaza sauti. Siku ya sinema ya yule mzee, baridi ilikuwa imemnyang'anya mfasiri huyo sauti. Ndipo nyanya yangu, mamake baba, aliyewahi kumpikia setla wa kizungu, akasimama. Kiingereza chake kilikuwa cha jikoni: sufuria, chumvi, na matusi kidogo.

Sasa, lazima ujue jambo moja. Kwetu mvulana wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba. Ndivyo mzee anavyorudi nyumbani. Mdogo wangu, mvulana wa kwanza wa baba, alikuwa abatizwe Jumapili iliyofuata, na baba alikuwa ameapa kumpa jina la rafiki yake wa kazini. Yeye na babu walikosana juu ya shamba, na babu akafa kabla hawajapatana. Nyanya alikuwa amemsihi baba mpaka akachoka.

Kwenye shuka, mzee akatoka kaburini, akabisha mlango, akasema maneno mawili matatu.

"Anasema," nyanya akatangaza, "nyumba hii nilijenga na mikono yangu. Sasa nasikia mtoto analia ndani. Anaitwa nani?"

Wanawake wakapiga mayowe. Jirani yetu mcheshi akamwuliza nyanya kwa sauti: "Cucu, ati mzungu amesema hayo yote?"

"Kaa chini, wewe! Kizungu ni kifupi, lakini iko na maana mingi."

Watu wakacheka. Kisha mzee akabisha tena, na kicheko kikakatika. Kila alipofungua kinywa, nyanya aliuliza lile lile: anaitwa nani? Nilimtazama baba. Alikuwa amejifunika blanketi hadi puani.

Njiani kurudi baba alisema tu, "Mama, leo umetafsiri."

"Nimesema ile nimesikia," nyanya akajibu, akaendelea kutembea.

Jumapili, mchungaji alipouliza jina, baba alikohoa, akataja la babake. Nyanya akapiga vigelegele vitano vya mtoto wa kiume mle mle kanisani, na mchungaji akangoja amalize.

Pareto ilishang'olewa, duka lile lilibomolewa, na sinema siku hizi hujisemea zenyewe. Hakuna anayesimama kutuambia mzuka anabisha kwa nani. Lakini jina lipo. Mdogo wangu ameshazeeka nalo, na mwaka jana mwanawe wa kiume alipopata mvulana wake wa kwanza, hakuna aliyehitaji kuulizwa mtoto ataitwa nani.