Kupe alinipata mgongoni, mahali mkono wangu haufiki

Wakuu, habari za huko mliko. Haya yalinipata mimi mwenyewe mwezi uliopita, siongezi chumvi.

Mimi ni fundi simu hapa Rodi Kopany. Tangu mke wangu arudi kwao na watoto, Jumapili zimekuwa ndefu mno. Kwa hivyo napanda vilima, peke yangu. Hiking ya maskini: gumboots na chupa ya maji, basi.

Siku hiyo nilikuwa kule Ntimaru. Nyasi zilifika kiunoni na ng'ombe hulishwa humo.

Niliposhuka nikakuta wachungaji wawili wamevua mashati, wanakaguana migongo kutafuta kupe. Hufanya hivyo kila wakitoka malishoni. Mmoja, mzee Chacha, akaniita.

"Wewe ndugu, kuja tukuangalie pia. Kupe iko mingi huku."

Nikamjibu niko sawa. Ukweli ni kwamba niliona aibu. Sikumbuki mara ya mwisho mtu aliponigusa mgongo.

Nyumbani nilijikagua kila mahali mkono ulipofika. Nikamtoa kupe mmoja gotini, nikajiona mjanja.

Baada ya wiki moja homa ikanishika, kichwa kinapasuka, shingo imekaza. Sasa huku kwetu homa yoyote ni malaria, hata hatubishani. Nikanunua dawa bila kupima. Nikamaliza dozi, homa iko palepale.

Siku zote hizo simu yangu haikulia hata mara moja. Mimi, fundi simu! Nililia, wakuu.

Nikajikokota hadi kliniki. Wakapima, malaria hakuna. Nesi akaniambia nivue shati.

"Uko na kidonda nyeusi hapa nyuma. Hii ni kupe. Kwani nyumbani hakuna mtu ameiona?"

"Hakuna," nikasema.

Akanipa dawa ya homa ya kupe. Siku ya tatu nikaweza kusimama na kupika uji.

Nilichojifunza: pima kabla ya kumeza dawa, na ukiwa umepita nyasini mwambie daktari mapema. Mimi nilinyamaza, ikanigharimu.

Jumapili iliyopita nilirudi Ntimaru. Kilima sikupanda. Nilimkuta mzee Chacha na mwenzake palepale, nikavua shati kabla hawajasema neno.

Karibuni mchangie. Nyinyi mnaoishi peke yenu, nani huwaangalia mgongo?