Kikombe Ambacho Bibi Hakukitikisa

Kapi la kisima lililia kabla sijafumbua macho. Nje ya ukuta wa Maskati ng'ombe alikuwa akivuta kamba, na kila ndoo ya ngozi ilipopanda, kapi lilitoa mlio mrefu, kama mtu aliyechoka kulalamika. Tulikuwa tumekuja kutoka Unguja baada ya mwaka wa sitini na nne, na mlio ule sikuwa nimeuzoea bado.

Bibi yangu alikuwa ameshavaa.

"Leo utanitembeza mjini," alisema. "Nnataka kuona mambo ya kale."

Nilijua alichotaka kuona. Alizaliwa ndani ya ukuta ule, akachukuliwa Unguja angali mdogo, na babake akaiuza nyumba yao.

"Tukifika pale, mdomo wako ufunge," alinionya. "Wakijua mimi nani, watasema nimekuja kudai."

"Sasa tutaingiaje, bibi?"

"Kwa miguu. Nani hapa atawanyima kahawa wanawake wawili wenye kiu?"

Tulivuka wadi, bonde la mto lililokauka, tukapita Lango Kuu. Siku hizo nilikuwa nimejaa maneno. Nilimwonyesha ngome mbili juu ya majabali, nikamsimulia Wareno walivyozijenga. Nikamwonyesha majina ya meli ambayo mabaharia waliyapaka kwa rangi nyeupe juu ya miamba ya bandari. Jua lilikuwa limeshaanza kupiga kwenye mawe na kuturudia usoni.

"Wewe, unaziuza ngome hizi?" aliniuliza. "Twende. Mawe yatangoja, miguu yangu haingoji."

Nyumba aliitambua kwa mlango. Mama mwenye nyumba, mtu mzima, mnene, alitukaribisha kwa Kiarabu bila kuuliza tumetoka wapi. Tukakaa juu ya mkeka, zikaja tende, ikaja kahawa. Mkaza mwanawe ndiye aliyemimina. Desturi ni ile ile tuliyokuwa nayo Unguja: ukitosheka, unakitikisa kikombe, usipokitikisa, unamiminiwa. Mimi nilikitikisa mapema. Bibi hakukitikisa.

Nyumbani kwetu bibi hanywi kahawa, humwendesha moyo mbio. Pale alikunywa, akanyoosha kikombe, akamiminiwa, akanywa tena. Kila funda lilimpa muda wa kutazama: kishubaka cha taa ukutani, ngazi iliyolika katikati, boriti za dari zenye maua mekundu yaliyofifia. Yule mkaza mwana alikuwa amesimama na dele la kahawa mkononi, akihamisha uzito mguu hadi mguu.

"Mashallah," alicheka, "mama huyu ana kisima tumboni!"

"Nyamaza, mgeni hahesabiwi," mkwewe alimkemea, lakini naye alicheka. Kisha akafuata macho ya bibi hadi juu. "Unatazama nini, mama?"

Nilimgeukia bibi.

"Dari yenu," alisema bibi. "Nzuri."

"Nzuri? Imeoza! Mvua ikinyesha tunahamia chini ya ngazi. Tukipata ruhusa tu, tunaivunja nyumba yote tujenge mpya."

Bibi alibaki ameinua uso. Midomo yake ilifunguka kidogo, na mimi nikajua neno lilikuwa limeshafika pale. Lingetosha moja tu. Angeonyeshwa vyumba vya juu, angeruhusiwa kugusa ukuta. Au wangebadilika, na kahawa ingekoma. Alimtazama yule mama mnene, kiganja chake kilichokuwa kikifukuza nzi wasitue kwenye tende zetu.

Akakitazama kikombe. Akakitikisa.

Mkaza mwana alishusha pumzi, akatua dele.

Tuliaga. Bibi aliinuka kwa kushika bega langu, mzito kuliko asubuhi. Kizingitini alisimama, nami nikadhani atageuka. Alikuwa akitafuta kiatu kwa ncha ya mguu tu. Akakipata, akashuka kwenye jua, nikamfuata, na nyuma yetu mlango ukafungwa.