Mwanasaikolojia wa timu anayefanyia kazi dirishani

Saa tisa na nusu alasiri, nusu saa kabla ya mechi, Dainess Mgaya amesimama nje ya chumba cha kubadilishia nguo katika uwanja mmoja wa Makambako. Upepo wa baridi unamletea vumbi la barabara ya malori. Uso ameubandika kwenye nondo za dirisha.

"Silvanus, niangalie mimi. Vuta pumzi. Shikilia. Toa polepole."

Ndani, golikipa anatii. Mlango uko hatua tatu tu, lakini Dainess haruhusiwi kuupita.

Kazi yake iko humo ndani. Mama huyu wa miaka 34, mzaliwa wa Igwachanya, ana shahada ya saikolojia na ndiye mwanasaikolojia wa Wapasuambao FC, timu ya ligi ya mkoa. Kosa lake ni kuzaliwa mwanamke. Kila siku ya mechi kizingiti hunyunyiziwa maji ya dawa ya mganga, na mwanamke akikivuka, eti timu imeshafungwa.

"Si dharau, ni utaratibu," anasema katibu wa timu, Rabson Mligo. "Huyu dada tunamheshimu sana. Kwenye orodha ya benchi tumemwandika mpishi, ili asisumbuliwe na maswali."

Mpishi! Na anayasema haya bila haya, mtu ambaye kila Jumapili anakaa viti vya mbele kanisani.

"Sijawahi kuwapikia hata chai," anasema Dainess, sauti ikimpanda. "Kocha akiniona na daftari ananiuliza, 'Umeandika sukari kilo ngapi?' Benchi zima kicheko. Timu pinzani wanauliza mimi ni mke wa nani."

Hayo angeyameza. Kilichomkaba ni mechi ya mwaka jana, mjini Njombe.

Silvanus alikuwa amefungwa penalti. Wakati wa mapumziko hofu ilimbana, mikono ikafa ganzi, pumzi ikakataa. Dainess alimwona kupitia dirisha, akakimbilia mlangoni. Ulikuwa umefungwa.

"Nilipiga ule mlango kwa ngumi. Nikawaambia mtu anazimika humo, nifungulieni! Rabson akanijibu, 'Unataka kutuharibia.' Wakammwagia maji. Kocha akampiga makofi mawili, akamwambia aache mambo ya kike."

Silvanus alirudishwa uwanjani hivyo hivyo, akafungwa mabao matatu. Jumatatu viongozi walikaa kikao kutafuta aliyeleta mkosi, wala hawakuhangaika sana. Dainess alikuwa ameugusa mlango.

Golikipa aliacha mpira, akarudi kwao Lugarawa. Kwa miezi minne alijifungia chumbani. Aliyemfuata ni Dainess, mara sita, kwa nauli yake na bodaboda za matope.

"Kocha hakunipigia hata simu," anasema Silvanus, 22. "Dada alikuwa anakaa jikoni na mama, wanamenya viazi, hanilazimishi kuongea. Mara ya nne nikaongea mwenyewe. Halafu mtu ananiambia dada ndiye mkosi? Mkosi ni wao."

Sasa amerudi langoni, na baada ya mechi ya leo, Jumamosi hii Wapasuambao wanacheza mechi ya kuamua kupanda daraja. Dainess anajua hofu ile inaweza kumrudia wakati wowote. Amewaandikia viongozi barua yenye mambo mawili: aandikwe kwa kazi yake, na aingie chumbani na timu yake.

Ninapomuuliza Rabson kuhusu barua hiyo, anatabasamu. "Tumeipokea. Tutaijadili baada ya mechi ya Jumamosi."

Baada ya mechi! Yaani mtu akishaanguka ndipo wajadili nani alistahili kumshika.

Dainess anaposikia jibu hilo anafunga daftari.

"Mimi kuomba nimemaliza," anasema. "Nimeshamwambia Silvanus, Jumamosi akiingia chumbani atanikuta nimeshakaa. Anayetaka kunitoa, aje anibebe."