Nilivyokaa Kaburini Mnyuzi

Wakubwa husema msimamo wa nchi kwa majirani hubadilika kila anapoingia rais mpya. Mimi niliuona ukibadilika nikiwa nimekaa kwenye benchi lilelile, katika ofisi ya mtu yuleyule, mama yangu pembeni amekumbatia mkoba wake.

Kaka yangu alikuwa askari. Alivuka mpaka wa kusini na wenzake kwenda kuwasaidia majirani, akafia huko. Wengine walirudishwa wakazikwa kwa heshima, yeye akabaki kwenye udongo wa ugenini. Sijutii alichokwenda kufanya. Shuleni Sindeni tuliimba kwamba uhuru wetu haujatimia mpaka jirani naye awe huru, na kaka aliyaamini maneno yale kuliko hata mwalimu aliyetufundisha. Lakini nyumbani kwetu mtu akifia mbali, ndugu huenda kuchota udongo wa kaburi lake wakauzika kwao, la sivyo msiba hauishi. Mama hakudai mifupa. Alitaka udongo tu, na alishauwekea nafasi kando ya kaburi la baba.

Aliyekuwa na njia ni mtu wa kwetu, ofisa wa mambo ya nchi za nje huko Dar es Salaam. Ukoo wake na wetu ni watani tangu enzi za mababu, kwa hiyo mama alimwendea bila woga.

Mara ya kwanza alitupokea vizuri, akaagiza chai. "Mama, ukombozi ni jambo la heshima," alisema. "Tukianza kuulizia makaburi, wenzetu wataona tunawasimanga. Vumilia." Mama akavumilia.

Rais akabadilika, picha ukutani ikabadilishwa, tukarudi. "Kule sasa wanapigana wenyewe kwa wenyewe, mama. Sisi hatuingilii mambo ya ndani ya jirani." Ikaja picha nyingine, na safari hii hata chai hatukuiona. "Siku hizi ni diplomasia ya uchumi. Tunazungumza bandari na barabara. Ukileta habari za makaburi mezani, watu watakushangaa." Picha iliyofuata ilimkuta ameota mvi, anakaribia kustaafu. Alisema ujirani mwema kwanza, akatazama saa.

Tukishuka stendi ya Korogwe kusubiri gari la Handeni, mama alikuwa akimtetea. "Usimlaumu mtani, mwanangu. Nchi ikikataa, imekataa. Yeye ni mtumwa tu kama sisi." Alikufa akiamini hivyo. Mimi sikuamini, ila sikuwa na la kufanya, nikabaki na chuki yangu naitunza vizuri, isilale njaa.

Mwaka jana kaka wa yule ofisa, sasa mzee mstaafu, alifia ng'ambo, alikokwenda kutibiwa. Simu zikapigwa, balozi zikahangaika, jeneza likapanda ndege, na kabla matanga hayajachangamka lilikuwa limefika Mnyuzi, ambako ofisa alijenga baada ya kustaafu. Niliposikia, nilivaa viatu nikaondoka. Kwetu watani ndio wachimba kaburi. Ndio pia wenye ruhusa ya kumtukana mfiwa, kumwibia sufuria, hata kulala kaburini mpaka wapewe cha kuwatoa. Mfiwa hana haki ya kukasirika.

Tulichimba asubuhi. Jeneza lilipofika nilikuwa nimekaa chini kule, nimekunja miguu. Watu wakacheka. Mmoja akaleta jogoo, nikamkataa. Wakaongeza kreti ya soda, nikakataa. Shehe akaanza kukohoa.

Mzee mwenyewe akaja ukingoni, amejishikiza kwenye mkongojo. "Haya, mtani, unataka nini? Jua linawaka."

"Shikamoo, mzee. Nataka jibu la mama yangu. Yale maombi ya udongo, ni rais yupi aliyekataa?"

Vicheko vikapungua. Akasema hayo ni mambo ya serikali, si ya makaburini. Nikamwambia basi leo hatuziki. Nilijiegemeza ukutani mwa kaburi, udongo ukaniingia shingoni, na nasema kweli, nilisikia raha. Alitazama jeneza, akamtazama shehe, akawatazama watani wenzangu. Hakuna aliyemsaidia.

"Hakuna aliyekataa," alisema mwisho, kwa sauti ndogo.

"Sema wasikie."

"Hakuna aliyekataa! Sikupeleka. Niliona ni jambo dogo."

"Na ungepeleka?"

Alifuta uso kwa kanzu. "Wangekubali. Hata wa kwanza angekubali. Nchi ile hatujawahi kugombana nayo, awamu zote. Ilikuwa barua moja tu."

Barua moja! Mama yangu alipanda mabasi mpaka magoti yakaisha, akaisamehe nchi ambayo haikuwahi hata kuulizwa.

Nilipanda juu, nikajikung'uta udongo mbele yake, nikamwambia azike. Kisha nikamwambia kwa sauti ya kusikika na wote: "Lako nalo nitachimba mimi, mtani. Ni haki yangu. Na siku hiyo hutakuwa na jibu la kunitoa."

Watu wakaangua kicheko, maana huo ndio utani. Yeye hakucheka. Nasikia siku hizi anaumwa, na mimi jembe langu nimelipiga tupa.