Kikombe cha Shabani Mwezi wa Ramadhani

Nakumbuka Ramadhani moja kule Mtawanya, mwanangu, nami nakuita hivyo ingawa ndevu zangu zina mvi tatu tu. Nilikuwa likizo kutoka chuo kikuu, nahoji kila kitu mpaka chumvi ya kwenye mchuzi.

Kaka yangu Shabani alikuwa ameacha unga, ile heroini. Kila asubuhi alipanda bodaboda hadi kliniki, akanywa methadoni, dawa ya kumzuia asirudie unga, kwenye kikombe kidogo mbele ya nesi. Alikuwa amenenepa, analima ufuta, anaimba vibaya kwa sauti kubwa.

Mimi nikamwambia amehama ulevi mmoja kwenda mwingine. Tena atakunywaje dawa mchana, watu wamefunga? Aache, afunge nasi, swaumu imsafishe. Naye alitamani kukaa kwenye futari bila kunyooshewa kidole, akakubali.

Siku ya kwanza alitamba. Siku ya nne alikuwa amejikunja mkekani, jasho linamtoka, anahara, mifupa inamuuma. Hiyo ndiyo arosto, mwili unadai ulichozoea. Akaninong'oneza kwamba amempigia simu mtu wake wa zamani, yule wa unga. Hapo nikaogopa, nikamweleza bibi yetu yote.

Bibi hakupiga kelele. Alimaliza kukuna nazi, akajifuta mikono.

“Bwana msomi, vidonge vyangu vya presha mwaka wa tisa huu. Mbona mie hujaniita mlevi?”

Nikasema ile ni dawa.

“Na ya mwenzio nani kakwambia ni juisi?”

Shabani, na maumivu yake yote, akacheka.

Wakapanda bodaboda mshikaki kwenda kliniki: dereva mbele, Shabani katikati, bibi nyuma kamkumbatia, na simu ya Shabani, aliyomnyang'anya, inaita ndani ya fundo la kanga yake, yule wa unga anapiga, bibi hapokei. Mimi nikafuata kwa baiskeli.

Nesi hakumfokea. Alisema mwili umeshaanza kusahau dawa, kwa hiyo dawa itaanza kidogo, kisha ipande taratibu. Lau angerudia unga kwa kiasi chake cha zamani, pumzi ingekatika.

Tulipofuturu, bibi alimpakulia Shabani kwanza. Mgonjwa ana ruhusa yake ya kutofunga, alisema, na futari ni ya wote. Wiki haikuisha, tukamsikia tena shambani, anaimba vibaya vilevile.

Basi, mwanangu, hoji. Mimi bado nahoji. Lakini swali lako mpelekee nesi kabla hujalijaribu kwenye mwili wa ndugu yako. Usimwulize mtu ataacha dawa lini. Hilo ni lake na daktari wake, na kwa wengine ni miaka. Akiteleza, mrudishe kliniki, usimfukuze nyumbani. Msindikize, na mcheke pamoja njiani.

Mungu akupe kichwa chenye maswali mengi na moyo usio na haraka, na mambo haya akufundishe kwa njia nyepesi kuliko aliyonifundishia mimi.