Gemu Aliyocheza Baba

Juzi binti yangu aliwasha gemu yangu ya zamani. "Mama, mbona huyu mtu kama tofali?" akauliza. Harufu ya plastiki iliyopata moto ikanirudisha sebuleni kwetu, Chumbageni.

Baba alikuwa amepunguzwa kazi kwenye kiwanda cha katani, na kwa wiki kadhaa hakuzungumza na mtu. Mjomba alipotuletea gemu ile kutoka Dubai, nilimpa baba padi ya kuchezea ashike. Akajaribu kumrukisha shimo yule mtu wa kwenye televisheni, mtu akatumbukia. Akajaribu tena, akatumbukia tena.

"Lione hili jinga!" baba akasema, akaangua kicheko.

Mama alitoka jikoni na unga mikononi, akasimama mlangoni akimtazama baba mpaka chapati ikaungua.