Kutu ya Majirani

Nilimkuta jirani yangu, mwalimu mstaafu, kwenye gereji moja ya Matisi, Kitale, amesimama kando ya pikapu yake kuukuu. Breki zilikuwa zimebadilishwa, na injini ilinguruma vizuri.

"Sasa mwalimu," fundi akauliza, "si nipige rangi? Na huu mlango umefungwa na kamba, nitengeneze?"

Mwalimu akamshika mkono. "Wacha hiyo mlango, bana. Injini ni yangu, tengeneza kabisa. Lakini kutu na kamba ni ya majirani."

"Ya majirani aje?"

"Si ulisikia mkubwa wangu wa zamani alinunua gari mpya? Kila Jumamosi iko harusi Chwele. Jumapili inapeleka watu kuona wagonjwa Lugulu. Mwenyewe anaenda kanisa na baiskeli. Hii yangu, hata shemeji hajawahi kuniomba."

Fundi alicheka hadi spana ikamponyoka. Ndugu msomaji, kwetu gari jipya ni mali ya ukoo. Mwenyewe hubakiziwa kuliosha tu.

Mwalimu akanigeukia. "Na wewe, ulikuja kuniambia nini?"

Nilikuwa nimemfuata nimwombe pikapu ya kupeleka mahari Jumamosi.

"Nimepita kukusalimia tu, mwalimu."